Namba Tasa

Mwaka wa kwanza nilifeli kikomo.
Si kikomo cha kitu fulani: kikomo chenyewe,
epsiloni na delta,
nipe udogo wowote, nami nitakupa udogo wangu,
ubishi wa watu wawili wasiotaka kupatana.
Dakta Mwakio aliandika ubao mzima,
akajipangusa chaki kwenye suruali, akasema,
"Ni dhahiri,"
na feni ya darasa letu kule Tudor
ikatikisa kichwa: sivyo, sivyo.

Tulianza arubaini na mmoja.
Mwaka wa pili tukabaki ishirini na watatu.
Mtaani Majengo waliniuliza, hesabu za nini, za duka?
Fundi Bwanaheri akaniletea sebule ya mtu
nimpigie idadi ya vigae.
Nikakosea vigae sita.
Hadi leo ananiita profesa.

Shangazi Mishi hakuuliza.
Yeye huamka kabla ya adhana, akachoma mahamri,
akayapanga kwenye sinia:
safu tatu za manne, safu nne za matano.
Yakitoka kumi na matatu, au kumi na saba,
huyapanga, akayapangua, akayapanga tena,
kisha huguna: "Hili halikai,"
na lililobaki hunipa mimi.
Nimekula mabaki hayo tangu nina meno ya utotoni.

Kwenye meza ya vitabu vikuukuu, Mwembe Tayari,
nilinunua kwa shilingi hamsini
kitabu cha hisabati cha darasa la sita
kilichotoka Tanga, kina doa la chai
na jina la mwenyewe: Shomari, mkondo B.
Nilitaka tu kusikia
masomo yangu huitwaje kwa lugha ya nyumbani.
Kipeo. Kigawe. Mraba.
Ukurasa wa thelathini na moja: namba tasa.

Nikaganda pale pale,
mwenye mkokoteni akinifokea nimpishe.

Neno hilo sikulijulia darasani.
Lilitemwa arusini kwa binamu yangu, upande wa jikoni,
shangazi ameinamia sufuria ya pilau:
"Huyo? Huyo tasa. Mtoto ni wa nduguye."
Hakuinua kichwa. Akatia chumvi.
Akatia tena.
Wageni walilalamika usiku kucha kuhusu pilau ile,
na mimi, wa miaka saba, nikala sahani mbili.

Aliyezipa namba hizi jina
aliona hazigawiki, akadhani hazizai.
Lakini siku moja ya mvua, tumeshabaki kumi na mmoja,
Dakta alithibitisha, wala hakusema ni dhahiri:
kila namba uijuayo imetokana nazo,
nazo tu, na kwa njia moja tu.
Sitini ni mbili, na mbili, na tatu, na tano.
Itafutie wazazi wengine.
Hawapo.

Na haziishi. Tuseme zinaisha:
zipange zote, toka ya kwanza hadi ya mwisho.
Zizidishe. Ongeza moja.
Sasa igawe hiyo uliyopata kwa yoyote ya safuni;
kila ukijaribu, inabaki moja.
Darasa zima liliandika, inabaki moja.
Mimi nilikwisha kuijua ladha yake,
iliki, na ukingo uliobabuka kidogo.

Usiku nikamweleza, unga ukiwa mikononi mwake.
Nilitumia mahamri. Alielewa upesi kuliko mimi,
akanisahihisha hata: "Ukiongeza moja, si ndiyo halikai?"
Ndiyo, shangazi. Ndiyo hasa.
Akaufunika unga kwa kitambaa.
"Na hizo zina jina?"

Nikamtajia jina la Kizungu.
Akalijaribu, likamtatiza ulimi, akacheka,
akaenda kulala.

Mtihani ni Jumatatu.
Nimeuhifadhi uthibitisho wote
ila mstari ule mmoja.